Fundo Dogo, Fundo Kubwa

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Agosti, saa nane mchana, nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda cha marehemu shangazi yangu, katika nyumba yake ya Arua, nikivuta kutoka uvunguni vitu alivyovihifadhi huko kwa miaka mingi. Vilitoka kimoja kimoja: viatu vya kanisani vilivyofungwa kwa gazeti, pasi ya mkaa iliyopoteza mpini, na mwisho kabisa kopo la biskuti lenye kutu pembeni. Kopo hilo tulilifahamu sote katika ukoo. Shangazi alikuwa fundi wa kushona, na sisi watoto tuliamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba ndimo alimoweka vifungo. Nililifungua kwa sababu blauzi niliyovaa ilikuwa imepungukiwa na kifungo kimoja.

Harufu ilitangulia. Ilikuwa ya tumbaku iliyokaushwa kwa moto, tamu na nzito, harufu ambayo sikuwa nimekutana nayo tangu utotoni. Kifungo hakikuwemo hata kimoja. Kulikuwa na kipande cha kitenge kilichopauka, na katika ncha zake mbili mafundo mawili, moja dogo, moja kubwa. Vidole vyangu vilikitambua kabla ya macho. Nikaketi sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, nikakiweka mapajani bila kukifungua, kwa maana nilijua kwamba nikikifungua nitakuwa na umri wa miaka minane, na kazi ya siku ile itakuwa imekwisha.

Nilizaliwa Midia, upande wa Koboko, nikiwa pacha. Maria alitangulia, nami nikafuata kabla maji ya kumwogeshea hayajapoa. Ndivyo Bibi alivyopenda kusimulia. Wazazi wetu walikuwa Kampala, kwenye kazi ya Baba, nasi tulilelewa na Bibi karibu na banda la kukaushia tumbaku, ambamo moshi haukukoma msimu mzima na nguo zetu zote zilinukia majani. Bibi alikuwa na sheria moja kuhusu mapacha, na kuivunja lilikuwa jambo la hatari kuliko moto: chochote kinachomfikia mmoja sharti kimfikie mwenzake. Hindi likichomwa lilivunjwa katikati. Maria akichapwa kwa kumwaga maji, nami nilipigwa kofi dogo la mkononi, la heshima tu, ili mizani isipinde. Pacha anayenyimwa, alisema Bibi, mwili wake hujua, nao huugua.

Majirani nao walikuwa na desturi yao. Hawakutusalimu mmoja mmoja. Hata nilipokwenda kisimani peke yangu, mama aliyekuwa akipalilia mihogo aliinua kichwa na kuita, "Mapacha, mmeamkaje?" Nami nilijibu, "Tumeamka vizuri," kwa niaba ya mwenzangu ambaye bado alikuwa amelala. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila mtu duniani husalimiwa pamoja na mwenzake, ila wenzao wamekwenda mbali kidogo.

Kisha Shangazi akaja kutoka Arua. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, mwanamke mrefu asiye na mtoto, mwenye kipimo cha fundi kilichoning'inia shingoni hata siku za sikukuu. Alisema kwamba mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na nyumba yake, ambaye mkewe alishonewa gauni na Shangazi, amekubali kuongeza msichana mmoja katika darasa ambalo tayari limejaa.

"Mmoja," alirudia. "Nafasi ni moja."

Alitutazama kama atazamaye vitambaa viwili vya rangi moja, akanishika mimi mkono. Baadaye nilimwuliza kwa nini, akajibu kwamba nilikuwa karibu zaidi na mlango. Bibi alikataa siku mbili. Siku ya tatu alikubali, kwa sharti moja aliloliweka huku akinifunga kilemba: "Atakachopewa huyu huko, kile kile kimfikie huyu hapa. La sivyo utanizikia mtoto." Aliyeambiwa ni Shangazi, lakini aliyesikia ni mimi. Nilipanda lori nikiwa nimebeba uhai wa Maria kama mtu abebaye yai kwa kijiko.

Arua ilinifundisha upweke kwanza, Kiingereza baadaye. Watu wa mjini walinisalimu, "Hujambo?" nami niligeuka nyuma kuona mwenzangu ameachwa wapi. Nililala na Shangazi kwenye kitanda hiki hiki ninachokiegemea, nikabaki ukingoni, nikimwachia Maria nafasi ya katikati. Miaka ile sabuni ilikatwa vipande kwa uzi na sukari iliwekewa kufuli, hivyo hakukuwa na mengi ya kumtumia. Nilichopewa kwa wingi kilikuwa masomo.

Mwalimu wetu aliitwa Rebeka, msichana mwembamba wa Terego aliyevaa saa kubwa ya kiume. Alikuwa na namna yake ya kutufundisha umoja na wingi wa majina ya Kiingereza. Alichora mstari wa chaki katikati ya sakafu, kutoka ubaoni hadi ukutani. Upande wa kushoto kilikaa kitu kimoja, upande wa kulia vikakaa vingi, na hakuna neno lililovuka mstari ule bila kitu chake. Kila asubuhi tulileta vitu kutoka nyumbani: kunde, mawe, vijiti, vifuniko vya chupa. Mtoto alisimama kushoto na jiwe moja, akalitaja; akavuka na mawe matano, akataja tena, na darasa zima likaitikia sauti ile ya *s* mwishoni mpaka kuku wa mlinzi wakakimbia. Nilipenda sana. Nilipenda hasa ile hatua moja ya kuvuka, ambapo kitu kilichokuwa kipweke kilijikuta kina wenzake.

Siku moja tulifika kwenye neno la mtoto. Mwalimu Rebeka akanyoosha kidole.

"Wewe wa Koboko, njoo. Simama kushoto. Huyu ni mmoja. *Child*."

Nikasimama, lakini miguu ilikataa.

"Mwalimu, mimi si mmoja."

"Uko wangapi?"

"Wawili. Mwenzangu yuko Midia."

Darasa liliangua kicheko. "Amemsahau kwenye lori," mmoja akasema nyuma, na mwingine, "Amebaki kufukuza ndege kwenye mtama." Mwalimu Rebeka hakucheka. Aliutazama mstari wake, kisha kwa ncha ya kiatu akafuta sehemu ndogo ya chaki, upana wa unyayo wa mtoto.

"Basi simama hapa katikati," alisema, "mpaka mwenzako aje."

Tangu siku hiyo, kila neno la watoto lilipofanyiwa zoezi, mimi nilisimama kwenye ule mwanya. Nilimwona kuwa mtu wa kwanza mjini aliyenielewa.

Wakati huohuo nilikuwa nikitimiza sharti la Bibi. Kila Ijumaa Papa Matayo, mfanyabiashara Mkongo aliyekuwa na lori, aliondoka Arua na chumvi na samaki wakavu kuelekea Koboko na mpakani Oraba, akarudi Jumatatu na tumbaku. Mimi nilichukua kipande cha kitenge kutoka kwenye mabaki ya Shangazi, nikafunga fundo dogo kwenye ncha moja, ndani yake kunde moja. Kwenye ncha nyingine fundo kubwa, ndani yake kunde nyingi. Maneno yenyewe alibeba Papa Matayo, mdomoni. Maria hakujua kusoma, na Papa Matayo hakujua pia, kwa hiyo tulielewana.

"Mutoto, leo iko nini?" aliuliza, kiwiko kikiwa dirishani.

"*Bean*. Halafu *beans*."

"Bini. Binzi." Aliyarudia akiwa amefumba jicho moja. "Hii kizungu yenu, kitu ikikuwa moja inanyamaza. Ikikuwa mingi inalia kama nyoka."

Aliyarudia njia nzima, kwa kuimba, na sijui yalimfikia Maria yakiwa na sura gani. Lakini kila Jumatatu kitenge kilirudi kikiwa na mafundo yale yale mawili, na ndani yake kunde za Midia, ndogo na nyeusi, zinazonuka tumbaku. Fundo dogo, fundo kubwa. Huo ulikuwa uthibitisho wangu kwamba amekula chakula kile kile nilichokula, na kwamba yu mzima.

Muhula ukakaribia mwisho, na Mwalimu Rebeka akatufikisha kwenye maneno aliyoyaita makaidi, yale yasiyokubali nyoka. Mguu, mtu, jino. Hayo, alisema, hubadilika kutoka ndani. Kwa bahati ambayo niliiona kuwa mpango wa Mungu, jino langu la mbele liling'oka adhuhuri ile ile, nikiwa natafuna muwa. Mtoto mwingine angelitupa juu ya paa na kuomba jipya. Mimi nilikimbia nalo nyumbani, nikalifunga katika fundo dogo. Fundo kubwa sikulifunga, kwa kuwa sikuwa na meno mengine ya kutoa. Ile ncha nyingine niliiacha wazi.

Papa Matayo alikipokea kitenge, akakipima mkononi.

"Fundo mukubwa iko wapi?"

"Hakuna, Papa. Nina moja tu. Ni jino."

"Jino ya nani?"

"Yangu."

Aliinua kofia, akakuna kichwa. "Mimi nilibeba chumvi. Nilibeba samaki. Nilibeba bibi arusi na kitanda yake. Jino sijabeba." Kisha, kwa unyenyekevu wa mwanafunzi, "Na inasemwa namna gani?"

"*Tooth*. Halafu *teeth*."

"Tusi. Tisi." Alisikiliza. "Nyoka iko wapi?"

"Hii haina nyoka. Inabadilika ndani."

"Hii njo mubaya," alisema, akiwasha gari. "Inabadilika ndani kama muke mwenye kukasirika."

Jumatatu iliyofuata kitenge hakikurudi. Papa Matayo alishuka mbele ya veranda ya Shangazi polepole, kofia mkononi, na nilijua kabla hajasema.

"Mapacha ingine iko mgonjwa. Mudomo imevimba, kama mutu mwenye kuficha embe. Hakuli siku mbili."

Sikusikia zaidi. Nilijua kilichotokea, na nilijua kwa uhakika ambao sijapata tena katika jambo lolote. Nilikuwa nimetuma fundo dogo peke yake. Umoja ulikuwa umefika Midia, wingi ulikuwa umebaki kwangu. Maria alikuwa amenyimwa, na mwili wake umejua.

Shangazi alinikuta nyuma ya nyumba, nimejifunika uso kwa sketi ya shule.

"Una nini?"

"Nimemnyima fundo kubwa."

"Fundo gani?"

Nilizidi kujifunika kwa ile sketi. Alisimama pale, sindano mbili zikiwa midomoni mwake, akinitazama. Kisha akazitoa, akazichomeka kifuani mwa blauzi, na kusema kwa ukali kwamba Papa Matayo analala mjini, kwamba yeye mwenyewe kesho ana gauni la kupeleka Koboko, na kwamba ni afadhali nioge. Kesho yake, ingawa haikuwa Ijumaa, Papa Matayo alitupeleka kwa lori lake, tukibanwa kati ya usukani na mlango. Sikuona gauni lolote. Vumbi jekundu liliingia, Papa Matayo hakuimba, na kila mlima niliuhesabu kuwa ni kosa langu.

Maria alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya banda la tumbaku, shavu limefungwa kanga, jicho la upande mmoja likiwa dogo. Nilimwona kabla gari halijasimama. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amelala juu ya mkeka, watu wakinong'ona. Badala yake aliinuka, akanitazama kwa lawama.

"Umechelewa," alisema, sauti ikipita kwa shida. "Nimekungoja juma zima."

"Unaumwa kwa sababu yangu."

"Hapana, kwa sababu ya mlango." Alichomoa kitenge kutoka kifuani mwake. Mafundo yalikuwa mawili, dogo na kubwa. "Ulituma moja. Nikangoja fundo kubwa, halikuja. Nikajua umeniachia mimi nitengeneze."

Alilifungua fundo kubwa. Ndani yake kulikuwa na meno mawili.

"Hili lilikuwa linacheza," alisema. "Hili halikucheza."

"Ulilitoaje?"

"Uzi na mlango. Mara tatu."

"Nilidhani anavunja nyumba," Bibi akasema kutoka kizingitini, akiwa na bakuli la maji ya chumvi. Uvimbe, alituambia, ulikuwa umeanza kushuka tangu alfajiri, na mgonjwa alikuwa ameomba uji mara mbili. Papa Matayo, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu na kofia yake, aliinamia kiganja cha Maria, akalichukua na jino langu kutoka fundo dogo, akalilaza kando ya yale mawili.

"Tisi," alisema kwa kuridhika. "Sasa iko tisi."

Nikaanza kucheka, na Maria akacheka akishikilia shavu, na kwa sababu kucheka kulimuuma alilia kidogo, nami kwa haki nikalia pia. Lakini juu ya vichwa vyetu mambo mazito yalikuwa yakiendelea. Bibi alikuwa amemgeukia binti yake.

"Ulichukua nusu ya mtu, ukadhani umechukua mtu."

"Mama, nafasi ni moja. Mwalimu mkuu ameandika jina moja."

"Basi hilo jina moja liwe Mapacha."

"Hakuna kiti, Mama."

"Ana matako madogo," Bibi akasema.

 Shangazi aliyatazama meno yale kiganjani mwa Maria kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na kipimo chake kikaning'inia bila kusogea. Halafu alikivua, akakizungusha kiunoni mwa Maria, akakizungusha kiunoni mwangu, na kuguna kwamba vipimo ni vilevile, angalau hilo ni jambo jema. Akayachukua meno, akayafunga tena, moja katika fundo dogo, mawili katika kubwa. "Yatapotea hapa," alisema. "Nitayatupa juu ya paa langu, ni la mabati."

Sare ya Maria ilishonwa kwa pazia la chumba cha kulala, kwa kuwa kitambaa cha shule hakikupatikana popote mjini. Ilikuwa buluu ya namna nyingine kabisa, yenye maua hafifu ukiitazama kwa jua. Mwalimu mkuu aliipinga kwa siku moja. Mkewe alikuwa na gauni jingine mezani kwa Shangazi, na sijui walizungumza nini. Jumatatu tuliingia darasani tumeshikana mikono, mmoja buluu, mwingine buluu ya pazia, wote wawili na mapengo mbele, na darasa lililonicheka muhula mzima likanyamaza.

Mwalimu Rebeka aliweka chaki mezani. Mstari ulikuwepo sakafuni, na mwanya wangu ulikuwepo.

"Huyu ndiye uliyekuwa ukimngojea?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Basi vukeni."

Tukavuka. Sikumbuki kama darasa liliitikia neno lenyewe. Nakumbuka unyayo wa Maria ukigusa sementi kando ya wangu, na Mwalimu Rebeka akiinama kuuziba ule mwanya kwa chaki. Kiti kilibaki kimoja. Tulikikalia wawili, kila mmoja nusu, hadi darasa la saba. Usiku tulilala watatu kwenye kitanda cha Shangazi, na katikati hakukuwa tena na nafasi ya kumwachia mtu.

Miaka michache baadaye vita vilitufikia, nasi tukavuka mpaka wa Oraba kwa miguu pamoja na maelfu ya wengine. Shangazi aliacha cherehani, mkate wake wa kila siku, ikiwa na kitambaa chini ya sindano. Aliacha sufuria na blanketi. Alibeba kopo la biskuti. Tulimlaumu njia nzima, mimi na Maria, kwamba mtu gani hukimbia vita na vifungo. Naye alisema tu kwamba vifungo ni vigumu kupata ugenini, akalihamisha kopo kwapa la pili. Vita vilipokwisha alirudi nalo kwenye nyumba hii hii na kitanda hiki hiki.

Jumamosi ile, jua lilipofika kwenye dirisha ambalo, tangu pazia lake ligeuke sare ya Maria, halikupata jingine isipokuwa karatasi, nilifungua fundo dogo, kisha fundo kubwa. Shangazi hakuwahi kuyatupa meno yale juu ya paa.

Maria sasa anafundisha watoto wa wakimbizi huko Omugo, na nimesikia kwamba huchora mstari wa chaki sakafuni. Simu ninayo, naye anayo. Lakini nilikaa na kitenge kile wiki tatu, nikatafuta dereva wa lori, mzee mwenye kofia, nikamkabidhi bahasha yenye barua hii:

"Maria, nimeyakuta meno yetu kwenye kopo la vifungo. Ni matatu. Nimeyaweka kwenye mwanga nijue lipi ni langu, nimeshindwa, na miwani haikusaidia. Nilifikiri kuyagawa, ila hayagawanyiki sawasawa, na sheria ya Bibi unaijua. Kwa hiyo nimeyafunga kama ulivyoyafunga, na hayatoki hapa mpaka uje mwenyewe likizo hii. Usilete godoro. Kitanda ni kile kile kimoja, na sisi sote tumenenepa. Nimelala ukingoni tangu Agosti."